Kupanga Likizo Piran, Mji Mdogo wa Pwani ya Adriatiki: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Piran ni mji wa Slovenia uliojengwa juu ya rasi nyembamba, kaskazini kabisa mwa Bahari ya Adriatiki, mahali ambapo Italia, Slovenia na Kroatia zinakaribiana kiasi kwamba mtu aliyepanda juu ya kuta za mji, siku isiyo na ukungu, huziona pwani za nchi zote tatu. Wakazi wa mji wenyewe ni takriban 4,000, na pwani yote ya Slovenia haizidi kilomita 47 hivi. Jamhuri ya Venisi iliutawala mji huu kuanzia mwaka 1283 hadi 1797, na alama zake bado zipo katika madirisha ya mawe, katika mnara wa kengele na katika vinywa vya watu, kwani Kiitaliano kinatumika rasmi hapo sambamba na Kislovenia. Hivyo usishangae kuona kibao kimoja kikiuita mji Piran na Pirano kwa pamoja.

Mwongozo huu unamlenga msomaji anayesafiri kutoka Afrika Mashariki, ingawa anayeishi Ghuba au Ulaya naye atapata humu ya kumfaa. Jambo ninalotaka lieleweke mapema ni kwamba mji mdogo haupangiwi safari kama jiji kubwa. Jijini, ukikosa chumba mtaa huu utakipata mtaa wa pili, na basi likikuacha litakuja jingine. Piran vitanda ni vichache, magari ya wageni hayaruhusiwi kuingia katikati ya mji, mabasi ya Jumapili yanahesabika, na hali ya Juni haifanani kabisa na ya Agosti. Kwa sababu hiyo mpangilio wa maamuzi ndiyo kazi yenyewe: mwezi uamuliwe kwanza, kisha viza, kisha chumba, kisha njia, na siku zigawanywe mwishoni. Anayeanza kwa kununua tiketi ya ndege kwa kuwa ameiona bei nafuu huishia kuyapindisha mengine yote yaifuate tiketi hiyo.

Hatua ya kwanza: Amua mwezi

Bahari ya Adriatiki ya kaskazini ni ya kina kifupi, kwa hiyo hupata joto upesi na hupoa upesi. Mwezi wa Julai na Agosti maji huwa na nyuzijoto 24 hadi 26, na baadhi ya miaka huzidi hapo. Mwishoni mwa Juni na sehemu kubwa ya Septemba huwa kati ya 21 na 23 hivi. Mwezi wa Mei, ingawa jua linawaka na picha zinavutia, maji bado ni ya nyuzijoto 17 au 18, na mtu aliyekulia Tanga au Lamu atayaona ni ya barafu. Iwapo kuogelea ndiyo nia yako kuu, usipange kabla ya katikati ya Juni wala baada ya wiki ya tatu ya Septemba.

Julai na Agosti zina kasoro moja kubwa, nayo ni watu. Huo ndio wakati ambapo shule za Slovenia, Italia na Austria zimefungwa, na kilele chake ni wiki inayoizunguka tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ambayo ni siku ya mapumziko Slovenia na Italia pia. Siku hizo vyumba hupanda bei, maegesho hujaa, na njia ya kando ya bahari hugeuka safu ya taulo. Mimi ningechagua nusu ya pili ya Juni au nusu ya kwanza ya Septemba. Juni ina faida ya ziada ya mwanga: jua huchwea karibu saa tatu usiku na kuchomoza muda mfupi baada ya saa kumi na moja alfajiri. Mwislamu anayepanga swala zake ajue mapema kwamba Magharibi huingia saa tatu usiku na Isha huchelewa sana, jambo ambalo linaathiri saa za kula na kulala, hasa kwa familia yenye watoto.

Kuanzia Novemba hadi Machi mji huwa mtulivu na wa bei ya chini, lakini mikahawa kadhaa hufungwa, na upepo wa kaskazini-mashariki unaoitwa burja hushuka kutoka milimani kwa vishindo vikali na vya baridi. Anayekwenda kuandika, kusoma au kupumzika mbali na kelele za jiji ataufurahia msimu huo. Anayekwenda kwa ajili ya bahari ataona amepoteza fedha zake.

Hatua ya pili: Shughulikia viza kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa

Slovenia imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya wageni, tangu Desemba 2007. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Oman wanahitaji viza ya muda mfupi, ambayo kwa kawaida humruhusu mtu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Mwenye kibali halali cha ukaazi kilichotolewa na nchi ya Schengen, kwa mfano Mtanzania anayefanya kazi Ujerumani, anaweza kwenda Slovenia kwa matembezi akiwa na pasipoti na kibali hicho bila viza nyingine. Kibali cha ukaazi cha Uingereza hakina nguvu hiyo, na wengi huligundua hilo wakiwa wamekwisha kulipa.

Swali la kwanza ni kuhusu ubalozi gani wa kuuendea. Kanuni ya Schengen inasema ombi lipelekwe katika nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, nchi utakayoingia kwanza. Maana yake ni kwamba hata ukitua Venisi, iwapo usiku wako mwingi utaulala Piran, ombi lako ni la Slovenia. Nchi ya Schengen isiyokuwa na ofisi ya viza mahali fulani huweza kuwakilishwa na nyingine, kwa hiyo ingia kwenye tovuti rasmi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Slovenia uone ni ubalozi gani unaopokea maombi ya nchi unayoishi. Usikubali ushauri wa wakala anayekuambia uombe popote penye nafasi ya miadi kisha uende unakotaka. Ombi lenye ratiba isiyo ya kweli huweza kukataliwa, na hata likipita, askari wa uwanja wa ndege ana haki ya kukuuliza unalala wapi.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na halitakiwi kuwasilishwa chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15 za kalenda, ila huweza kufika siku 45 iwapo kuna jambo la kuchunguza. Kinachochelewesha watu wengi ni kupata miadi ya kupeleka nyaraka, ambayo kuelekea majira ya joto huwa adimu. Anayekusudia kwenda Juni aanze kutafuta miadi Februari au Machi. Ada ya viza, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Watoto walio chini ya miaka 6 hawalipi. Ada hairudishwi ombi likikataliwa.

Nyaraka zenyewe hazina siri. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa halali kwa angalau miezi 3 baada ya siku unayokusudia kuondoka Schengen. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen, na igharimie matibabu ya dharura pamoja na kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Kisha kuna taarifa ya benki, uthibitisho wa malazi, nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi, na ushahidi wa kazi, biashara, masomo au familia inayokurudisha nyumbani. Hapa ndipo maombi mengi yanapoonekana dhaifu: taarifa ya benki inaonyesha fedha nyingi zilizoingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya ombi, bila maelezo ya zilikotoka. Ni bora akaunti yenye mwenendo wa kawaida wa mshahara au mauzo kwa miezi kadhaa, hata kama salio si kubwa sana, ikiambatana na barua fupi inayoeleza nani anagharimia nini. Ikiwa ndugu anayeishi Ulaya ndiye anayelipa, yeye naye atoe barua na ushahidi wa kipato chake.

Ikiwa una mawazo ya kuvuka kwenda Kroatia kwa siku moja, viza hiyohiyo itatosha, kwani Kroatia iliingia Schengen na kuanza kutumia euro tarehe 1 Januari 2023. Hata hivyo, tangu Oktoba 2023 Italia imerudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Slovenia, na Slovenia nayo kwenye mpaka wake na Kroatia, hivyo pasipoti isibaki chumbani siku unayovuka, japo safari ni ya chakula cha mchana tu. Aidha, Oktoba 2025 ulianza kutumika mfumo mpya wa kuandikisha wageni wanaoingia na kutoka Schengen, unaochukua picha ya uso na alama za vidole mpakani. Mara ya kwanza huchukua muda, kwa hiyo usipange kuunganisha basi au treni nusu saa baada ya ndege kutua.

Hatua ya tatu: Chagua chumba kwa kuuliza maswali

Kwa kuwa ubalozi huhitaji uthibitisho wa malazi, weka nafasi inayoweza kufutwa bila gharama, na uiache hivyo mpaka viza ipatikane. Uamuzi mkubwa ni kama utalala ndani ya mji mkongwe au nje yake, katika Portorož, mji wa hoteli kubwa ulio umbali wa kilomita chache. Portorož ina ufukwe wenye mchanga ulioletwa kutoka kwingine, mabwawa ya kuogelea na lifti, na kwa wazee au watoto wadogo ina urahisi wake. Anayetaka kuishi mjini, anunue mkate asubuhi dukani na kusikia majirani wakisalimiana dirishani, alale Piran kwenyewe.

Nyumba za Piran zimebanana, ni nyembamba na ndefu kwenda juu, na nyingi hazina lifti. Vichochoro vyake ni kama vya Mji Mkongwe wa Unguja kwa wembamba na kwa kupinda, ila hapa vinapanda mlima kwa ngazi za mawe. Kabla ya kukubali chumba, mwandikie mwenyeji umuulize: kiko ghorofa ya ngapi, kuna ngazi ngapi za nje kutoka uwanja mkuu mpaka mlangoni, kina kiyoyozi au feni tu, na madirisha yanaelekea wapi. Chumba kinachotazama uwanja huo mkuu, yaani Uwanja wa Tartini, kina mandhari mazuri, lakini usiku wa majira ya joto kuna muziki na mazungumzo hadi usiku mwingi, na kengele za kanisa hazimhurumii mgeni. Nyumba za mtaa wa nyuma, upande wa Uwanja wa Mei Mosi, mara nyingi zina utulivu zaidi. Swali la kiyoyozi lisidharauliwe kwa sababu tu tumezoea joto, kwani kuta nene za mawe zikishapata joto la Julai huendelea kulitoa usiku kucha, na chumba cha darini chenye dirisha dogo hakipitishi upepo.

Mwenyeji atakuomba pasipoti na kuandikisha jina lako. Ni sheria ya nchi, si udadisi wake. Pia kuna kodi ya utalii inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi hailipwi mtandaoni bali taslimu unapofika. Ni kiasi kidogo, lakini familia ya watu watano kwa wiki nzima itaiona, kwa hiyo uliza mapema ni kiasi gani na watoto wanapunguziwa vipi.

Hatua ya nne: Panga njia ya kufika

Viwanja vya ndege vinavyofaa ni vitatu: Trieste na Venisi vilivyoko Italia, na Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, ulio umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Piran. Kutoka Afrika Mashariki hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda kwenye kimojawapo. Njia iliyo rahisi kuieleza ni ya kupitia Istanbul, kwa kuwa shirika la ndege la Uturuki huruka kutoka miji yetu kadhaa na pia huenda Ljubljana na Venisi. Venisi hufikika vilevile kwa kupitia Dubai au Doha. Bei ya Venisi mara nyingi ndiyo huvutia, lakini ongeza gharama na muda wa kutoka Venisi mpaka Piran, ambao kwa treni hadi Trieste na basi baada yake humaliza nusu siku au zaidi. Ukitua jioni, lala Trieste au Venisi usiku huo badala ya kukimbilia usafiri wa mwisho na mizigo mikononi.

Kutoka Ljubljana kuna basi linalofika Piran kwa muda wa saa mbili na nusu hadi tatu. Kuna pia treni, ila reli inaishia Koper, mji wa bandari, na kutoka hapo unapanda basi la pwani linalopitia Izola na Portorož. Kutoka Trieste mabasi ni machache, na siku za Jumapili hupungua zaidi. Majira ya joto huwa kuna boti ya kasi kati ya Trieste na Piran, ambayo ratiba yake hubadilika kila mwaka na bahari ikichafuka haiondoki. Kwa vyovyote, ratiba uiangalie kwa tarehe yako mwenyewe, kwa sababu ratiba ya siku za shule na ya likizo za shule hazifanani.

Gari la kukodi lina faida kwa anayetaka kuzunguka vijiji vya bara, lakini kwa Piran kwenyewe ni mzigo. Barabara kuu za Slovenia zinahitaji kibali cha kulipia kiitwacho vinjeta, ambacho sasa ni cha kielektroniki na hufungamanishwa na namba ya gari. Kwa magari madogo kuna cha wiki, na faini ya kukikosa ni kubwa mara nyingi kuliko bei yake. Gari lililokodiwa Italia huenda lisiwe nacho, kwa hiyo uliza kabla ya kuvuka mpaka. Ukifika, utaliacha gari kwenye jengo la maegesho la Fornače, nje ya mji, na kupanda basi dogo la bure linalokwenda Uwanja wa Tartini. Dereva awe na leseni ya kimataifa pamoja na leseni yake ya kawaida.

Hatua ya tano: Gawa siku zako

Watalii wengi huja Piran kwa saa nne, wakapiga picha uwanjani, wakala aiskrimu na kuondoka. Mimi nashauri usiku tano au sita, kwa sababu uzuri wa mahali hapa huonekana asubuhi na mapema na baada ya mabasi ya matembezi kuondoka, na pia kwa sababu kilicho bora kuliko vyote hakimo mjini bali kando yake.

Siku ya kwanza itoe kwa mji. Uwanja wa Tartini una umbo la yai kwa sababu ulikuwa bandari ndogo ya ndani, iliyofukiwa mwaka 1894. Sanamu iliyosimama katikati ni ya Giuseppe Tartini, mpiga fidla na mtunzi aliyezaliwa hapohapo mwaka 1692. Kwenye kona kuna nyumba nyekundu ya karne ya 15, kati ya nyumba kongwe za uwanja huo, yenye jiwe lililochongwa maneno ya Kiitaliano yanayomaanisha waache waseme. Kutoka hapo panda hadi Kanisa la Mtakatifu Jorji, ambalo mnara wake ulijengwa kwa kuufuata ule wa Mtakatifu Marko wa Venisi, kisha endelea juu hadi kuta za mji wakati jua linaelekea kuchwea. Ukishuka, pitia Uwanja wa Mei Mosi uone birika kubwa la mawe lililojengwa baada ya ukame mkali wa mwaka 1775: maji ya mvua yalikusanywa kutoka mapaa ya nyumba za jirani na kuhifadhiwa chini ya uwanja wenyewe, kwa kuwa rasi haikuwa na maji ya kutosha.

Kuhusu kuogelea, msomaji wa pwani yetu abadilishe matarajio. Hakuna mchanga Piran, na maji hayapwi yakaacha uwanda mpana kama yanavyopwa Paje au Watamu. Tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, kwa kawaida haifiki mita moja. Watu huota jua juu ya saruji na mawe makubwa yaliyopangwa kando ya njia, na huingia baharini kwa ngazi za chuma. Maji ni maangavu na kina huanza mapema. Kwa hiyo asiyejua kuogelea, na hasa mtoto, asiachwe akaribie ngazi hizo peke yake. Kwake ufukwe wa Portorož au ghuba ya Fiesa unafaa zaidi. Nunua viatu vya mpira vya kuogelea, kwa sababu kwenye mawe hujificha wanyama wa baharini wenye miiba inayovunjikia nyayoni.

Siku moja ipeleke Strunjan kwa miguu. Unatembea hadi Fiesa, ambako kuna maziwa mawili madogo yaliyobaki baada ya udongo kuchimbwa kwa ajili ya matofali, kisha unaendelea kupitia Pacug hadi kwenye hifadhi ya Strunjan, mwendo wa saa mbili hivi bila haraka. Huko kuna genge la miamba yenye tabaka za rangi ya kijivu na kahawia, linalofikia mita 80 juu ya bahari, na chini yake ghuba tulivu ambayo haina hoteli wala gati. Genge hilo humomonyoka, hivyo usitandike taulo chini yake kabisa, na ukikuta njia imefungwa kwa sababu ya maporomoko, iache.

Siku ninayoiona kuwa ya thamani kuliko zote ni ya mashamba ya chumvi ya Sečovlje, kusini mwa Portorož, kwenye mpaka wa Kroatia. Chumvi ndiyo iliyoujenga Piran: kwa karne nyingi Venisi iliihitaji, na majumba unayoyapiga picha mjini yalilipiwa kwayo. Familia zilihamia kwenye nyumba za mashambani kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Jorji, tarehe 24 Aprili, hadi ya Mtakatifu Bartolomayo, tarehe 24 Agosti, ndipo wakarudi mjini. Anayejua mashamba ya chumvi ya Gongoni, huko Kilifi, ataelewa upesi namna maji ya bahari yanavyopitishwa kutoka bwawa hadi bwawa yakizidi kukolea. Kinachotofautisha Sečovlje ni sakafu ya mabwawa ya mwisho. Juu ya matope hukuzwa safu nyembamba iitwayo petola, iliyofanyika kwa mwani, jasi na madini, ambayo huitenga chumvi na udongo ili ivunwe ikiwa nyeupe bila kuoshwa. Mvunaji hutembea taratibu ndani ya bwawa, akisukuma reki ya mbao kwa pembe ndogo sana ili asiichane safu hiyo, na chumvi iliyolowa hukusanyika mbele yake kwa sauti ya changarawe laini. Reki ikizama kidogo tu, petola huchanika na bwawa hilo huanza kutoa chumvi chafu. Radi moja ya mchana ikileta mvua, mavuno ya siku hiyo huyeyuka na kazi huanza upya.

Hifadhi hiyo iliingizwa mwaka 1993 kwenye orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na ndege wa majini ni wengi. Ina sehemu mbili zenye milango tofauti: Lera, ambako chumvi inavunwa hadi leo, na Fontanigge, ambako mabwawa mengi yameachwa, nyumba zimebomoka na kuna makumbusho ya chumvi. Kama una nafasi ya moja tu, chagua Lera, na ufike kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kwani hakuna kivuli kabisa. Lango la Fontanigge liko mpakani, beba pasipoti.

Siku inayobaki unaweza kuitumia kwa bara. Mapango ya Škocjan, yaliyo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1986, yana bonde la chini ya ardhi ambamo mto Reka unapita kwa kishindo chini ya daraja jembamba; joto humo ni nyuzi 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo sweta ni lazima hata Julai. Anayependa baiskeli afuate njia ya Parenzana, iliyokuwa reli nyembamba kati ya Trieste na Poreč, mji wa Kroatia, kuanzia 1902 hadi 1935.

Hatua ya sita: Chakula, fedha na mambo madogo

Samaki ndiye chakula cha hapa: sadini, ngisi, pweza, na samaki aitwaye brancin anayefugwa katika ghuba ya Piran. Asiyetumia pombe aulize namna ya mapishi, kwa sababu kome wa buzara hupikwa kwa divai nyeupe pamoja na vitunguu saumu, na michuzi mingi ya samaki nayo hutiwa divai. Samaki wa kuchoma kwa mafuta ya zeituni ndiye salama. Vipande vyembamba vyekundu vinavyotangulizwa na jibini ni pršut, nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Piran hakuna msikiti. Msikiti mkubwa wa Slovenia uko Ljubljana na ulifunguliwa mwaka 2020, na anayepitia huko siku ya Ijumaa anaweza kuipanga safari yake kuuzunguka muda wa swala.

Sarafu ni euro. Kadi za benki hupokelewa karibu kila mahali, lakini iarifu benki yako kabla ya safari ili isizuie malipo, na uwe na taslimu kidogo kwa ajili ya basi na kodi ya utalii. Maduka makubwa ya vyakula hufungwa Jumapili na siku za mapumziko, hivyo nunua maji ya matunda, mkate na mahitaji ya mtoto Jumamosi. Maji ya bomba ni salama kwa kunywa. Namba ya dharura ni 112.

Hatua ya saba: Siku ya kuondoka

Basi la asubuhi la kwenda Ljubljana au Koper liangaliwe jioni ya kabla yake, kwenye kituo chenyewe na si kwenye simu peke yake. Tiketi ya ndege inayoondoka kabla ya saa sita mchana karibu haiwezekani kwa usafiri wa umma kutoka Piran. Ama uchague ndege ya alasiri, ama ulale usiku wa mwisho karibu na uwanja. Ukinunua bidhaa za zaidi ya euro 50 katika duka moja linaloshiriki mpango huo, na makazi yako yako nje ya Umoja wa Ulaya, omba fomu ya kurudishiwa kodi papo hapo, kisha uigongeshe muhuri kwa forodha ya kiwanja cha mwisho unachotokea Umoja wa Ulaya kabla mzigo haujapokelewa. Chumvi uifunge kwenye mfuko usiopitisha unyevu na uiweke katika sanduku la chini ya ndege, kwa sababu mfuko wa unga mweupe usio na lebo ndani ya begi la mkononi utakuchelewesha kwenye ukaguzi.